Rada Haipimi Mvua: Kwa Kijana Anayeitaka Kazi Hii

Vijana huniuliza wasome nini ili wawe wataalamu wa rada za hali ya hewa. Wengi wamevutiwa na ile picha ya rangi, kijani, njano na nyekundu, inayosogea juu ya ramani. Nawaelewa, maana hata mimi ndiyo iliyonivuta. Lakini jibu langu huanza na jambo moja: rada haipimi mvua. Inatuma mawimbi na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kazi yetu ni kujua mwangwi huo umetoka kwenye nini.

Chukua tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 3. Maji yake yanalingana na ya matone 27 ya milimita 1. Mwangwi wake, hata hivyo, unalingana na wa matone 729 ya aina hiyo, kwa kuwa nguvu ya mwangwi hufuata kipeo cha sita cha kipenyo. Matone makubwa machache yanaweza kung'aa kwenye skrini kuliko mvua ya matone madogo iliyobeba maji mengi zaidi. Mwangwi wa desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mwangwi), ukiupigia hesabu kwa fomula ya kawaida iliyotokana na kazi ya Marshall na Palmer kule Kanada mwaka 1948, unakupa kama milimita 12 za mvua kwa saa. Tumia fomula ya mvua za kitropiki, unapata kama 22. Wingu ni lile lile na rada ni ile ile. Kwa mtabiri aliye zamu usiku, tofauti hiyo inaweza kuamua kama atatoa tahadhari ya mafuriko au ataacha.

Ndiyo maana nang'ang'ania fizikia na hesabu. Kwa Tanzania, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) kidato cha tano na sita unakuweka njiani vizuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya hali ya hewa, na Kigoma kuna Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kwa wanaoanzia ngazi za chini. Walioko Kenya wana Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimefundisha fani hii kwa miongo mingi. Halafu jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mapema, usisubiri mhadhiri akulazimishe.

Mimi nimekaa zaidi na data za rada ya Mwanza, na Ziwa Victoria ndilo lililonifundisha kazi. Mchana upepo wa ziwa huelekea nchi kavu na mawingu ya radi hujijenga pembezoni. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu unashuka ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, na dhoruba zinainuka juu ya maji. Nazo ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa wako huko na taa zao. Niliwahi kukaa na wavuvi kwenye mwalo mmoja nikiwaeleza milimita za mvua, mzee mmoja akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, upepo utatoka wapi, na utaanza saa ngapi?" Tangu siku hiyo kila nikifungua data naanza na kasi ya upepo, ambayo rada ya Doppler huipata kutokana na jinsi mwangwi unavyobadilika vitu vikisogea kuja kwake au kuiacha. Kaa na watu wanaotumia utabiri wako kabla hujachagua mada ya utafiti.

Fahamu pia pale rada isipoona. Miale yake hainami pamoja na dunia. Ukiielekeza nusu digrii tu juu ya upeo wa macho kutoka Mwanza, ikifika Bukoba imeshapita zaidi ya kilomita 3 angani. Mvua inayotokana na mawingu mafupi hapo inaweza kunyesha na skrini ikabaki tupu. Kwa upande mwingine, makundi ya ndege, popo na wadudu hurudisha mwangwi bila tone hata moja. Rada za kisasa, ya Mwanza ikiwemo, hutuma mawimbi ya mlalo na ya wima kwa pamoja, na ukiyalinganisha unaweza kuwatenga ndege na mvua. Hata hivyo, mpigie simu mwangalizi wa kituo umuulize kipima mvua chake kinasema nini. Mimi bado nafanya hivyo.

Na tafadhali, waheshimu mafundi wa rada. Mtambo ukisoma desibeli 3 zaidi ya ukweli, makadirio yako ya mvua yanapanda kwa karibu nusu, na fundi ndiye wa kwanza kulijua hilo. Nenda naye mnarani, uone antena inavyofungwa na kupimwa.

Kama una kompyuta na bando, usingoje ajira. Data za NEXRAD, mtandao wa rada za hali ya hewa wa Marekani, ziko wazi mtandaoni bure, na programu ya Py-ART, iliyotengenezwa na maabara ya Argonne, inazifungua bila malipo. Chagua siku moja yenye dhoruba. Chora picha ya pembe ya chini kabisa ambayo antena ilielekezwa, kisha za pembe za juu yake moja moja, uandike kwa maneno yako kwa nini hazifanani. Ukikwama, niandikie na uambatanishe michoro yako.