Arusha au Zanzibar? Dogo, soma hii kabla hujasaini

Juzi usiku kuna dogo kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, nimepata ofa mbili za urubani, moja besi (kituo cha kazi) Arusha, nyingine besi Zanzibar, zote kurusha Caravan, vile vindege vidogo vya injini moja, mshahara unalingana, nichukue ipi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu nikajikuta naandika gazeti zima, nikaona bora niliweke hapa na nyie wengine mnaoniulizaga swali hilohilo mlisome.

Kwanza hongera, ofa mbili kwa mpigo! Mimi nilirudi Bongo kutoka chuo Afrika Kusini na CPL yangu, leseni ya rubani wa biashara, na masaa 200 na ushee ya kuruka, baba kauza kiwanja cha Kihonda kunisomesha, halafu nikakaa zaidi ya mwaka nabisha hodi kwenye mahanga ya ndege pale Terminal One, uwanja wa Dar. Miezi hiyo siisimulii, inachosha. Ofa ilipokuja nikaulizwa Arusha au Zanzibar, nikajibu Arusha hata swali halijaisha.

Sababu ilikuwa hesabu. Kila rubani mchanga ana namba moja kichwani, 1,500, ndiyo masaa ya kukufikisha kwenye ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani. Sasa Dar hadi Zanzibar ni dakika ishirini hivi hewani, ukipiga sekta nane, yaani safari nane za kupaa na kutua, umetua mara nane, shati limelowa, mabegi umepakia mwenyewe, halafu kwenye logibuku unaandika masaa hayafiki hata matatu. Arusha unatoka asubuhi unapiga viwanja vya mbugani, Manyara, Seronera, Kogatende, unarudi, siku nzuri ya Agosti nyumbu wanavuka mto Mara unaandika matano, sita. Mtoto wa watu ningechagua nini?

Na sidanganyi, nilifaidi. Kiwanja cha ndege cha Arusha kiko futi kama 4,500 juu ya usawa wa bahari, Seronera iko juu zaidi, saa nane mchana jua linawaka hewa imekuwa nyepesi, Caravan imejaa wageni, inakimbia kwenye ile murram unaanza kujiuliza kama itanyanyuka. Unajifunza kumkatalia mtalii begi lake, kilo 15 ni 15 hata kama analia. Unajifunza kupita chini kwanza kufukuza pundamilia ndio uzunguke uje utue. Juni na Julai asubuhi mawingu yanakaa chini Arusha nzima, unakunywa chai ya tangawizi unasubiri Meru ijitokeze huku abiria wanakukodolea macho kama wewe ndiye umeyaleta hayo mawingu. Hadi leo nipo kwenye ATR, ndege kubwa zaidi ya injini mbili, namjua fasti ofisa (rubani msaidizi) aliyepita porini na ambaye hajapita, mtanisamehe lakini ndivyo ilivyo.

Sasa ikaja Aprili. Hakuna aliyeniambia kuhusu Aprili! Masika inapiga, kambi nyingi Serengeti zinafunga, wageni hakuna, na mkataba wangu ulikuwa na mshahara mdogo wa msingi halafu posho kwa kila saa unayoruka. Mwezi ule niliruka masaa kumi na moja. KUMI NA MOJA. Mwisho wa Machi nilikuwa nimetoka kulipa kodi ya nyumba Sakina, miezi sita kwa mkupuo kama mnavyowajua wenye nyumba, wiki ya pili ya Aprili chifu pailoti ananipigia, "kesho panda ndege uende Zanzibar, ni wiki mbili tu." Wiki mbili zikaenda mpaka katikati ya Juni. Chumba Kiembesamaki nikalipa mwenyewe kwa sababu malazi ya kampuni yalikuwa siku saba za mwanzo, na nilipoenda kulalamika nikaonyeshwa mstari mmoja kwenye mkataba kwamba rubani anaweza kuhamishiwa kituo chochote kulingana na mahitaji. Saini yangu ipo chini, naitambua. Halafu kuna mwenzangu aliyeajiriwa nyuma yangu yeye akabaki Arusha, na mjomba wake tunamjua alikuwa anakaa ofisi gani. Nimesamehe. Ila nakumbuka.

Lakini Zanzibar ndiko nilikofumbuka macho. Kule watu wanaruka mwaka mzima, kuna Pemba, kuna Mafia, kuna mfanyabiashara, mgonjwa, maharusi, ni watu wana shida zao wanasafiri hata kama mzungu hayupo. Watalii wakipungua unapungukiwa, ila hulali njaa. Hata runwei yao, namba zake 18 upande mmoja na 36 upande wa pili, imelala kaskazini kusini utafikiri aliyeichora aliwauliza manahodha wa majahazi kuhusu kaskazi na kusi.

Mke wangu ni muuguzi Dar, kuhama hawezi. Nikiwa Arusha siku mbili za ofu zilikuwa zinaishia njiani, basi ni siku nzima, na tiketi ya stafu ni ya kusubiri kiti kibaki, Agosti kiti gani kinabaki? Nilirudi safari moja binti yangu akanificha uso, akasema "shikamoo anko." Sitaki kuongea sana hapo. Zanzibar nikimaliza zamu napanda boti, masaa mawili nipo nyumbani. Ila msijidanganye mtalala Dar mfanye kazi Zenji, boti ya kwanza inatoka Dar saa moja asubuhi na mimi nilitakiwa kuripoti saa kumi na mbili kasoro.

Wadogo zangu, mnachagua besi kwa picha za Instagram, tembo chini ya bawa, miwani myeusi. Besi sio njia unazoruka, besi ni kitanda unacholalia siku ambayo huruki, na siku hizo ni nyingi kuliko mnavyofikiri! Muangalie familia iko wapi. Muangalie mtafikaje kwenye hiyo familia. Nasema tena, familia. Mimi sasa hivi besi ni Dar, kapteni, wazee wapo Moro, SGR chini ya masaa mawili nakula ugali kwa mama, na hayo masaa 1,500 niliyoyakimbilia yalikuja tu, mengine niliyapata kwa hizo dakika ishirini ishirini nilizokuwa nazidharau.

Kwa hiyo dogo, sikuchagulii, wewe hata hujaniambia kwenu ni wapi. Ila kabla hujasaini waulize wote wawili Aprili wanalipaje, na wakikuhamisha nani analipa chumba baada ya wiki ya kwanza. Majibu nitumie. Na ukienda Arusha, mwenye nyumba mbembeleze akupokelee miezi mitatu.