Dawa ya Kichina kwa tumbo na sonona, je niache vidonge?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miezi 5 natumia vidonge vya sonona, sertralini, usingizi umerudi ila tumbo ndo shida, linajaa gesi, mara naharisha mara choo kinafunga siku 3. Rafiki kaniletea mizizi ya Kichina kwenye karatasi, inaitwa Xiao Yao San, anasema inatibu tumbo na mawazo pamoja maana sonona inaanzia tumboni. Nimechemsha mara 2 tu. Niache vidonge nibaki na hii? - Mama Mapacha

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidonge usiviache, naomba nianze na hapo kabisa, ukikata ghafla kichwa kinazunguka, wengine wanahisi kama shoti ya umeme kichwani, usingizi unapotea, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Halafu ujue sertralini inasifika kwa kuharisha kuliko dawa nyingi za sonona za kundi lake, kwa hiyo tumbo lako linaweza kuwa linailalamikia dawa yenyewe, na daktari wako akijua anaweza kubadili dozi au kukupa nyingine. Umeshamwambia?

Sasa hiyo Xiao Yao San siidharau, iliandikwa kwenye kitabu cha dawa cha serikali ya China enzi za ukoo wa kifalme wa Song, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Ina mizizi inayoitwa chai hu na dang gui, urukususu ambao ni mzizi mtamu, tangawizi, nanaa na vingine. Waganga wao wanasema ini likikwama linaionea bandama, yani moyo ukibana tumbo nalo linagoma kusaga, na hilo naliona kwa wagonjwa kila siku. Rafiki yako kapatia nusu. Utumbo na ubongo vinaongea kupitia neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na tumbo, na serotonini nyingi ya mwili, ile kemikali inayohusishwa na hisia, kama asilimia 90, inatengenezwa utumboni, lakini hiyo haivuki kwenda kwenye ubongo, kwa hiyo kusema ukisafisha tumbo sonona imeisha ni kuruka mbali mno. Na mazungumzo yanaenda pande zote mbili, wasiwasi nao unaharisha.

Kitu kinachonivutia ni bakteria wa tumboni. Ginseng kwa mfano, mzizi mwingine wa dawa za Kichina, bakteria hao ndo wanaivunja vunja ndo mwili uipate vizuri, kwa hiyo watu wawili wakinywa sufuria moja hawapati dawa sawa. Utafiti upo mwingi ila sehemu kubwa ni wa panya, na ule wa watu mara nyingi ni mdogo na umefanywa ovyo, siwezi kukuambia inaponya sonona.

Hatari yake nayo ni ya kweli. Urukususu ukinywa sana unapandisha presha na kushusha potasiamu, dang gui inaongeza kuvuja damu kwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na mizizi ya kwenye karatasi huijui, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji kina mama waliokunywa mitishamba ya Kichina ya kupungua mwili waliharibika figo, kumbe ndani uliingia Aristolochia, mmea mwingine kabisa.

Sufuria ipumzike kwanza. Nenda kwa daktari na hiyo karatasi na mizizi iliyobaki umuonyeshe, umwambie ulichemsha lini. Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu nenda mapema, na mawazo ya kujiua yakija usingoje hata siku moja, mwamshe mtu wa nyumbani muende wote hospitali usiku huohuo.