Taa nyekundu inawaka, TV haiwaki

Umeuliza kama ununue bodi nzima ya pawa, ile inayogawa umeme ndani ya TV. Hapana, usikimbilie. Taa nyekundu ikiwaka na TV ikagoma kuwaka, mara nyingi ni kapasita (vile vijikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizo baada ya transfoma, zile za volti 16 au 25. Ukiona kichwa kimevimba au kimetoa ukoko wa kahawia, hiyo imekufa. Weka yenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme) zilezile, volti sawa au zaidi, ya kuhimili joto la nyuzi 105, na usigeuze chanya na hasi. Ndizo ninazobadilisha kila mara hapa kwa fundi. Ila tafadhali, ile kapasita kubwa ya volti 450 hubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa: ipime kwa mita kabla hujaigusa. Kama hata taa haiwaki na fyuzi imekatika, anza kupima dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na mosfeti (swichi ya kielektroniki).