Kabla Hujampiga Picha Aliyelala Barazani

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha za mitaani hapa Mombasa hushika njia moja. Wanaondoka Fort Jesus asubuhi, wanapita Mji wa Kale, wanatokea Marikiti, kisha wanamalizia Barabara ya Digo. Ni njia nzuri. Jua la saa moja kasoro huingia kwa ubavu katikati ya majumba, vumbi la mikokoteni linang'aa, na kwenye vibaraza vya maduka ambayo hayajafunguliwa kuna watu wamelala juu ya makatoni. Hapo ndipo wengi hupata picha yao ya kwanza ya kusifiwa. Nawaandikia ninyi ambao bado hamjaipiga.

Aliyelala, usimpige. Sina masharti ya kuongeza hapo.

Mtaambiwa na waliowatangulia kwamba barabara ni ya umma na anayekaa hadharani amekubali kuonekana. Kwangu mimi na wewe hoja hiyo ina uzito kidogo, maana tukichoka kutazamwa tunarudi nyumbani tukafunga mlango. Yeye hana mlango. Pale barazani ndipo anapolala, anapokula, anapobadilisha nguo na anapougulia. Sisi watu wa Pwani hatuingii kwa mtu bila kupiga hodi, na tukipiga mara tatu tusijibiwe, tunarudi tulikotoka. Aliyelala hawezi kukujibu.

Wala usidhani wote ni wamoja. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, na Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi. Katika hao mna mama aliyefukuzwa na mume, mzee asiye na mtu, kijana aliyezama kwenye unga wa kulevya, na mtoto aliyezaliwa hapo hapo mtaani. Mna na watu wanaofanya kazi kutwa, wakibeba mizigo Kongowea au kuokota machupa ya plastiki, wakakosa tu kodi ya chumba. Wengi wana jamaa zao Kwale, Kilifi, au ng'ambo tu ya kivuko pale Likoni, na jamaa hao pengine wameambiwa kijana wao yuko mjini anafanya vibarua. Picha yako ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, umemvua nguo mbele ya mamake. Huwezi kuirudisha.

Mwenye kuvuta unga nampa tahadhari zaidi. Pengine ameshaanza dawa ya kuuacha, pengine mwakani atakuwa anatafuta kazi ya ulinzi au ya dukani, na uso wake bado unazunguka mitandaoni akiwa ameinama na macho yamemlegea. Watoto wenye chupa ya gundi mdomoni ndio kabisa. Watakukimbilia, watacheka, watakaa pozi, watakwambia "tupige, tupige". Kuchangamka kwa mtoto si ruhusa. Cheza nao, waonyeshe kamera inavyofanya kazi ukitaka, lakini nyuso zao usiondoke nazo.

Basi, picha hizi zisipigwe kabisa? Mimi nasema zipigwe, ila kwa mwendo mwingine. Kamera ibaki mkobani. Msalimie kwa heshima ya umri wake: mzee ni shikamoo, mama ni mama, hata kama nguo zimechanika. Kaa chini, usimsimamie kichwani. Mwambie wewe ni nani, picha ni ya nini na itaonekana wapi, kwa maneno anayoyaelewa. "Ni ya maonyesho" haimwambii kitu; "itabandikwa ukutani, watu wengi watakuja kuitazama, na wengine wanakujua" inamwambia. Na nenda peke yako, au na mwenzako mmoja. Kundi zima la wapiga picha likimzunguka mtu mmoja, hilo "ndiyo" lake ni la woga.

Kuhusu pesa watu wanabishana sana. Msimamo wangu ni huu: usipatane bei ya uso wa mtu mwenye njaa, kwa sababu njaa ndiyo itakayokujibu. Chai na mahamri mle pamoja kabla kamera haijatoka, na akikataa picha baadaye, chai imeshanyweka, haidaiwi.

Kuna mama mmoja upande wa Mwembe Tayari aliyenikubalia kisha akaniambia, "Ngoja kwanza." Akakunja katoni zake, akasogeza kando sahani yenye mabaki, akajifunga leso upya na kujifuta uso kwa pindo lake. Kisha akaketi, mikono juu ya magoti, akanitazama. Wapo wapiga picha watakaosema hapo uhalisia umeharibika. Mimi naona ndipo ulipopatikana. Ile sahani na zile katoni ni hali iliyomkuta. Aliyejifunga leso ni yeye mwenyewe. Picha nilimsafishia studio na kuitia plastiki, maana karatasi tupu haimalizi wiki kwa mtu asiye na kabati. Fanyeni hivyo. Gharama yake ni ndogo, nayo inakulazimisha urudi kwa mtu uliyempiga.

Mtaniuliza: mbona picha za shida zimeokoa watu? Ni kweli. Mkenya Mohamed Amin alipopiga picha za njaa pale Korem, Ethiopia, mwaka 1984, dunia ilishtuka na misaada ikamiminika. Lakini tazama zilikokwenda: runinga ya BBC, mbele ya serikali zilizokuwa na nafaka na ndege. Picha yako ya mzee wa barazani inakwenda wapi? Ikiwa mwisho wake ni sifa kwako Instagram, usijifananishe na Amin. Kumbuka pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 1936, huko California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kibarua wa mashambani na wanawe. Picha ikawa maarufu duniani, naye Lange hakumwuliza hata jina. Jina la Florence Owens Thompson lilikuja kujulikana miaka ya sabini, naye hakuficha uchungu wake kwamba haikumfaa kitu.

Kazi za kulipwa zina mtihani wake. Ramadhani ikifika utaitwa kupiga picha za kugawa unga na tende, na mwenye shughuli atataka sura ya anayepokea, mkono ukiwa nusu njia. Sote tumefundishwa kwamba sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Mwambie mapema, kabla hujapokea malipo ya kwanza, kwamba utapiga magunia, foleni kwa nyuma, wanaogawa na mikono. Wengi hukubali ukiwaeleza kwa adabu. Asiyekubali, mwache atafute mwingine.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu katika kifungu cha 28 na faragha katika cha 31. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sanaa na uandishi wa habari vina nafasi yake katika sheria hiyo, ila usiifanye ngao.

La mwisho ni maelezo chini ya picha. Usiandike chokoraa, usiandike teja, usimtungie mtu huzuni ambayo hakukusimulia. Na zima kile kipengele cha simu kinachoandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Jina la duka au la kichochoro pia liache. Kukiwa na msako wa kuondoa watu mjini, picha yenye anwani inawaonyesha askari pa kuanzia. Andika "Mombasa", inatosha.