Kashata inayonata haijaiva

Mwaka wa kwanza nilipojitwika kazi ya kupika kashata za karanga za sikukuu, nilifunga vipande sitini na kitu kwenye karatasi usiku wa mkesha, nikalala najisifu. Asubuhi kila kipande kilikuwa kimeng'ang'ania karatasi yake. Watoto walikula na karatasi, wakatema walichoweza. Wakubwa walinishukuru kwa adabu na kukiacha pembeni ya sahani. Nikailaumu karatasi. Mwaka uliofuata nilinunua nyingine nzuri zaidi, na mambo yakawa yale yale.

Kilichokuwa kinaniponza ni woga. Nilikuwa naipua shira mapema kwa kuogopa isiungue, na karibu kila anayeanza niliyesimama naye jikoni hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yanahusu dakika nne au tano za mwisho jikoni.

Shira ni sukari na maji, na kazi ya moto ni kuyafukuza maji. Ikifika nyuzijoto 115 hivi, bado ina maji kama asilimia 15. Ukiimwaga hapo utapata kitu laini cha kutafuna, ambacho kesho yake kitanata. Ikifika 150, maji yamebaki kama asilimia 1 tu, na hapo kipande kinavunjika kwa mlio. Kinachowachanganya wageni ni kwamba joto halipandi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni linajikokota, unasimama pale unaona povu lile lile mpaka unashawishika kushika simu. Maji yakishapungua, linapanda mbio, na shira inatoka rangi ya asali kwenda nyeusi kabla hujamaliza kusema "ngoja kidogo". Ukishajua hilo, utatulia mwanzoni na kukaza macho mwishoni, maana wengi wetu huanza kwa kufanya kinyume chake.

Kipimajoto cha jikoni kinasaidia, ila kipime nacho. Kitumbukize kwenye maji yanayochemka: usawa wa bahari kinatakiwa kusoma 100. Ukiwa sehemu za juu, maji huchemka kwa joto la chini zaidi, hupungua takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kama kwako yanachemka kipimo kikisoma 95, basi ipua shira kwenye 145 badala ya 150.

Huna kipimajoto? Weka bakuli la maji baridi sana karibu na jiko. Dondoshea tone la shira, subiri kidogo, litoe kwa vidole. Likifinyika, bado mno. Likiwa gumu lakini ukilikunja linapinda, bado, na hapa ndipo mkono utakapokuwasha uipue. Usiipue. Unatafuta tone linalokatika "tak" kama kijiti kikavu. Kila unapopima, sogeza sufuria pembeni ya moto, la sivyo utapima kitu kilichokwisha kupita. Mimi huongezea pua: harufu ya sukari tupu inageuka ikawa na uchungu kidogo kwa mbali, na rangi inakuwa ya dhahabu iliyoiva. Ukiona moshi, umechelewa.

Kwa sinia moja la wastani mimi hutumia sukari gramu 400, maji nusu kikombe, karanga gramu 300, siagi vijiko 2 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai na kijiko 1 cha chai cha maji ya ndimu. Usianze kwa kuzidisha vipimo mara tatu eti wageni ni wengi. Shira nyingi ni nzito kuisimamia, na ukiharibu umeharibu zote. Pika awamu mbili.

Karanga zichambue moja moja kabla ya kitu kingine chochote. Zenye kuvu, zilizosinyaa au kubadilika rangi ndani, tupa bila huruma, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Onja mbili tatu pia. Karanga iliyokaa sana ina ladha ya mafuta ya zamani, na sukari haitaificha. Kisha zikaange kwa moto mdogo huku unageuza, na uziipue rangi ikiwa bado chini kidogo ya unayoitaka, kwani huendelea kuiva zenyewe zikiwa nje ya moto. Fikicha, peta maganda, halafu ziweke mahali zibaki na uvuguvugu. Karanga za baridi zikiingia kwenye shira huifanya ishikane ghafla, ukabaki unapigana na bonge. Korosho na lozi ni hivyo hivyo, ila korosho huungua haraka, zisimamie.

Sasa suala la chenga. Utaona shira safi inayong'aa, mara inapauka, inajaa mchanga. Chanzo mara nyingi ni punje chache za sukari zilizoganda ukutani mwa sufuria: zikidondoka ndani, nyingine zote zinajipanga kuzifuata. Koroga mpaka sukari iyeyuke, na ikishayeyuka weka mwiko chini. Ukitaka kuichanganya, tikisa sufuria kwa kushika mpini. Kuta zipanguse kwa brashi iliyolowa maji. Yale maji ya ndimu kazi yake ni hii: tindikali huvunja sehemu ya sukari kuwa aina mbili nyingine ndogo, na mchanganyiko huo haukubali kuganda kirahisi. Na shira ikirudi chenga usiimwage. Ongeza maji nusu kikombe, iyeyushe kwa moto mdogo, anza upya. Wapo wanaopika kashata ya chenga kwa makusudi, ile isiyong'aa inayosagika mdomoni, nami naipenda sana, lakini hiyo uamue tangu mwanzo.

Kabla hujawasha moto, sinia liwe limepakwa mafuta au kutandikwa karatasi ya kuokea, kisu kimepakwa mafuta, siagi imekatwa, chumvi imepimwa, na mti wa kusukumia uko karibu. Nimewahi kuanza kutafuta karatasi kabatini shira ikiwa tayari. Niliipata. Sufuria nilililoweka siku mbili.

Watoto watoke jikoni kwa robo saa hiyo, hata wakilia. Shira ya nyuzi 150 ni mbaya kuliko maji ya moto kwa sababu inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ikikurukia, weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana. Ikiwa eneo ni kubwa au limefanya malengelenge, nenda hospitali, kashata itasubiri.

Shira ikifika kiwango chake, zima moto, tia siagi na chumvi, kisha karanga, geuza haraka, mwaga. Wengine huongeza nusu kijiko cha chai cha baikaboneti, ile soda ya keki: shira inafura kwa hewa na kashata inakuwa nyepesi zaidi kuvunja. Mimi huweka nikiwapikia wazee wenye meno dhaifu. Tandaza kwa mti wa kusukumia uliopakwa mafuta, uweke karatasi nyingine juu yake. Kisha hesabu kama dakika mbili na uchore mistari kwa kisu ingali moto. Ukingoja ipoe itavunjika inavyotaka yenyewe, jambo ambalo si baya, ila hutapata vipande sawa vya kufunga.

Ipoe kabisa kabla ya kufunga, na kabisa maana yake chini ya sinia pawe baridi ukipagusa. Sukari iliyokauka hivi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo siku ya mvua ni bora kutandaza, kukata na kufungia kopo siku hiyo hiyo, karatasi ikitenganisha safu na safu. Kopo likifunga vizuri, zinakaa wiki mbili bila kulegea. Nje ya kopo zitaanza kunata hata kama ulizipika sawasawa. Na ukigawa, waambie watu zina karanga, au andika juu ya mfuko. Kwa mwenye mzio, kipande kimoja kinatosha kumlaza.

Sufuria usilikwangue. Lijaze maji, rudisha jikoni lichemke, sukari yote itayeyuka yenyewe pamoja na ile iliyogandia mwiko. Unga wa vipande uliobaki kwenye sinia huwa naukusanya kwenye kikombe, nanyunyizia keki ingali na krimu mbichi juu, na kila mwaka kuna anayeuliza hicho kinachoita mdomoni ni nini.