Kwa Unayeanza Kutunga Muziki wa Jukwaani: Niliyojifunza kwa Jerome Kern

Kila msimu wa mazoezi hunijia kijana mmoja au wawili wakiwa na noti mkononi, wakitaka niwapigie wimbo waliotunga na niwaambie kama ni mzuri. Mimi ni mpiga piano wa mazoezi katika vikundi vya michezo ya kuigiza yenye nyimbo huku New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Siku hizi, kabla sijagusa piano, huwauliza kwanza: wimbo huu anauimba nani, na dakika moja kabla hajafungua kinywa limempata jambo gani? Wengi hawana jibu. Wana wimbo, lakini hawana mahali pa kuuweka, na katika kazi yetu mahali ndipo panapoamua karibu kila kitu. Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipoanza. Nililipata kwa uchungu kazini, kisha nikalielewa vizuri zaidi nilipofuatilia maisha ya Jerome Kern, mtunzi ambaye namweka mbele ya wengine wote walioijenga Broadway, yaani michezo ya kumbi kubwa za New York, katika miaka yake ya mwanzo.

Kern alizaliwa New York tarehe 27 Januari 1885, na familia yake ikahamia Newark, hapa New Jersey, angali mvulana. Alisoma muziki New York, akaenda Ujerumani kwa muda, kisha akarudi na kuanza kazi kwenye ngazi ya chini: kwa wachapishaji wa noti, ambako kijana alishinda kwenye piano akipiga nyimbo mpya ili waimbaji na wateja wazinunue, na katika kumbi za mazoezi, akiwapigia waigizaji na wacheza dansi. Wanaosimulia maisha yake huipita miaka hiyo upesi kwa sababu haina nyimbo maarufu. Nakuomba wewe usiipite.

Mpiga piano wa mazoezi hurudia kipande cha nusu dakika mara 30 kwa asubuhi moja, mwongozaji wa dansi akihesabu kwa sauti na viatu vikigonga mbao. Ukifika mara ya kumi huusikii tena muziki, unaona watu. Unaona kwamba binti wa mstari wa mbele huchelewa kugeuka kwa sababu muziki haumwachii nafasi ya kuvuta pumzi. Unaona kwamba mwimbaji hujikwaa pale pale kila mara, na ukiitazama karatasi unagundua kuwa mtunzi ameweka irabu finyu juu ya sauti ya juu kuliko zote, kiasi kwamba koo lazima libane. Hakuna darasa lililonionyesha mambo hayo waziwazi namna ile. Ukipewa nafasi ya kupiga piano kwenye mazoezi, hata kwa ujira mdogo, ichukue kabla ya kutafuta mtu wa kuuigiza mchezo wako. George Gershwin, mtunzi aliyekuja kuwa maarufu baadaye, naye alikikalia kiti hicho: mwaka 1917 alikuwa mpiga piano wa mazoezi ya onyesho ambalo muziki wake ulitungwa na Kern pamoja na Victor Herbert.

Baada ya piano ya mazoezi, Kern akawa fundi wa viraka. Zama hizo michezo mingi ya Broadway ililetwa kutoka London, na watayarishaji wa Marekani walipoona nyimbo fulani hazitawafaa watazamaji wao, waliwalipa watunzi wa hapa wachomeke nyimbo mpya katikati ya kazi ya mtu mwingine. Kern aliifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1904, akasafiri mara nyingi kwenda London, na jina lake likabaki dogo kwenye tangazo la onyesho, kama lilionekana kabisa. Mchezo ambao muziki wake wote ulikuwa wake aliupata mwaka 1912, naye ana umri wa miaka 27, na haukudumu jukwaani.

Mwenye haraka ataiona miaka minane hiyo kuwa ya kupotea. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yake hasa. Mshona viraka hana ruhusa ya kubadilisha nguo. Mazungumzo yameshaandikwa, waigizaji wameshachaguliwa, sauti ya mwimbaji mkuu ina mipaka yake, na wewe umepewa tundu la dakika tatu ulizibe kabla ya Jumatatu. Inakubidi utazame tundu lenyewe: linaanza na maneno gani, linaishia wapi, na mtazamaji amechoka kiasi gani ifikapo saa hiyo ya usiku. Mwaka 1914 mtayarishaji Charles Frohman alileta kutoka London mchezo uitwao The Girl from Utah na kumpa Kern nafasi ya kuongeza nyimbo kadhaa. Mmojawapo ulikuwa They Didn't Believe Me, ulioimbwa na Julia Sanderson na Donald Brian. Nyimbo nyingi za mapenzi jukwaani wakati ule zilikuwa za waltz, za mapigo matatu, zinazomtaka mtu ajitanue na kuimba kwa madaha. Kern alitumia mapigo manne, na sauti zinatembea karibu karibu kama mtu anayezungumza na mwenziwe bila kutaka wengine wasikie. Zitafute noti zake, uuimbe bila piano, polepole, nawe utasikia jinsi mazungumzo yanavyogeuka kuwa wimbo pasipo mtu kuona mlango umefunguliwa wapi.

Kuanzia 1915 Kern alipata nyumba iliyomfaa, ukumbi wa Princess, wenye viti 299 tu. Ukumbi mdogo kiasi hicho haubebi mapambo makubwa, wala wacheza dansi wengi, wala okestra nzito. Yeye pamoja na waandishi Guy Bolton na P. G. Wodehouse walitengeneza michezo ya watu wa kawaida wa siku zao, wenye nguo za kawaida na mikasa ya nyumbani, na Oh, Boy! ya mwaka 1917 ikachezwa mara 463. Mwaka huohuo Kern alieleza hadharani kwamba nyimbo zinapaswa kuusogeza mchezo mbele na kulingana na tabia za watu wanaoziimba. Leo jambo hilo laonekana la wazi. Wakati ule lilikuwa geni, kwa maana mtayarishaji aliweza kusimamisha hadithi ili nyota wake aimbe wimbo wowote unaopendwa mjini, kisha hadithi ikaendelea pale ilipoachwa. Kwa hiyo ukipewa ukumbi mdogo, piano moja na waimbaji sita, usisikitike. Udogo utakukataza kuficha wimbo usio na kazi nyuma ya mapambo.

Kern kwa kawaida alitunga muziki kwanza, na Wodehouse akaweka maneno juu yake. Kwetu sisi tuliokulia kwenye mashairi na taarabu jambo hilo ni gumu kidogo, kwani tumezoea shairi kutangulia na mizani yake. Njia zote mbili zinafaa. Pataneni tu na mwandishi wako mapema, kwa sababu nimeona urafiki ukivunjika pale ambapo kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayekata silabi.

Sasa nifike kwenye lililonigusa zaidi. Mwaka 1918, katika matayarisho ya mchezo Oh, Lady! Lady!!, Kern na Wodehouse walitunga wimbo uitwao Bill, wa mwanamke anayempenda mwanamume asiye na sura wala sifa za kujivunia, wala mwanamke huyo hawezi kueleza ni kwa nini anampenda. Wimbo uliondolewa kabla ya mchezo kufika Broadway. Kern aliuweka. Ulikaa karibu miaka kumi. Tarehe 27 Desemba 1927 ulifunguliwa mchezo Show Boat, ambao maneno yake yaliandikwa na Oscar Hammerstein II kutokana na riwaya ya Edna Ferber, na ndani yake Bill ukapata mtu wake: Julie, mwimbaji aliyeachwa na mume, aliyeanza kumalizwa na ulevi, anayefanya mazoezi katika kilabu cha Chicago huku mpiga piano wa mazoezi akimfuata. Helen Morgan aliuimba amekaa juu ya piano. Hammerstein aligusa maneno machache, lakini muziki ulikuwa uleule. Ule uliokuwa wimbo wa mapenzi wenye mzaha kidogo ukawa kilio cha mtu anayemkumbuka aliyemwacha, kwa sababu tu ya yale ambayo watazamaji wameyaona kabla hajaanza kuuimba.

Mimi sikuwa na busara hiyo. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi nilitunga wimbo kwa ajili ya mchezo wa kikundi fulani, wimbo wa mama anayekunja nguo za mtoto aliyehama nyumbani. Siku mbili kabla ya ufunguzi mwongozaji aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba wimbo unalisimamisha tendo la pili na kwamba ameuondoa. Alikuwa na haki, nami naweza kulisema hilo sasa. Usiku ule nilizichana karatasi zote na kufuta hata rekodi iliyokuwa kwenye simu. Miaka mitano baadaye nikapewa kazi ya mchezo mwingine, wenye baba anayeifunga nyumba baada ya mazishi, na mara moja nikajua kuwa muziki wa kukunja nguo ndio uliofaa pale. Nilikaa kwenye piano hadi usiku wa manane. Nilikumbuka sauti nane za mwanzo tu, na sauti nane hizo hazikunirudishia zilizofuata. Wimbo nilioutunga badala yake ulikuwa wa kawaida.

Tangu hapo nina kasha la karatasi, na kila kilichoondolewa huingia humo kikiwa na tarehe, ufunguo wa muziki (do yake iko kwenye sauti gani), jina la mhusika, na sentensi moja inayosema kwa nini kiliondolewa. Sentensi hiyo ndiyo yenye faida kubwa. "Ni wa polepole mno kwa mahali pake" ni maelezo tofauti kabisa na "sauti ya mwimbaji haikuufikia". Wimbo wa Kern uitwao Smoke Gets in Your Eyes, ulioenea baada ya mchezo Roberta wa mwaka 1933, hapo awali ulikuwa muziki wa haraka ambao haukupata matumizi. Ulipopunguzwa kasi ndipo ukawa ule unaojulikana.

Kuhusu kasi, fanya zoezi hili kwa kutumia Show Boat, hasa wewe uliyelelewa kwenye kwaya na unayeisoma solfa. Mwanzoni watu wa mji wanaishangilia meli ya maonyesho kwa kuliimba jina lake, Cotton Blossom, kwa sauti nne zinazoshuka: do, la, so, so. Baadaye Joe, mtu Mweusi anayefanya kazi za sulubu ukingoni mwa mto, anaimba Ol' Man River, na sauti zake nne za kwanza ni so, so, la, do. Ni zilezile, zimegeuzwa, zinapanda, tena polepole. Shangwe ya wenye nafasi ya kwenda kutazama maonyesho na uchovu wa anayebeba mizigo yao vimetoka kwenye sauti nne zilezile. Ziimbe zote mbili mfululizo mara tano, kisha rudi kwenye mchezo wako uone ni wahusika gani wawili wanaostahili kugawana sauti kwa namna hiyo. Angalia pia upana wa wimbo wenyewe: unazidi oktava moja (kutoka do hadi do ya juu yake) na nusu, nao waigizaji wengi hawaufikii. Kern alijiruhusu hivyo kwa sababu alijua ataimba mtu wa sauti ya aina gani. Wewe usiyemjua mwimbaji wako bado, jibane ndani ya oktava moja na sauti mbili zaidi, maana ufunguo unaweza kuushusha lakini upana huwezi.

Kern alikosea pia, na kosa lake moja nalitaja kila mara. Alichukizwa na bendi zilizokuwa zikizipiga nyimbo zake kwa namna zilivyopenda, hivyo mwaka 1924 alizuia muziki wa mchezo Sitting Pretty usipigwe redioni, usirekodiwe, wala usichezwe kwenye kumbi za starehe. Mchezo ulifungwa baada ya maonyesho 95, na nyimbo nzuri zilizokuwa ndani yake hazikupata njia nyingine ya kuwafikia watu. Naielewa hasira yake, kwa kuwa nimesikia wimbo wangu ukipigwa kwa kasi ya maandamano ya harusi. Hata hivyo waache waupige. Linda noti zako kwa maandishi, saini mkataba unaoeleza waziwazi nani anamiliki nini, kisha uache wimbo utembee.

Ukija kwangu na wimbo wako, basi, njoo pia na kurasa mbili za mazungumzo yanayoutangulia. Nitazisoma hizo kwanza, kwa sauti, tukiwa wawili tu ukumbini, na nikifika mahali ambapo mhusika hawezi tena kusema kwa maneno matupu nitanyamaza. Hapo ndipo nitafungua piano.