Mwenye Nyumba Anataka Chumba Changu Awapangishe Watalii

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepanga chumba kimoja karibu na Nakiwogo, Entebbe, kwa miaka sita sasa, na ninauza mukene, yaani dagaa. Kodi yangu ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba amekwisha kupaka rangi vyumba viwili vya mbele, akatundika vyandarua vyeupe, na huvikodisha kwa usiku kwa watalii wanaosubiri meli ya kwenda visiwa vya Ssese. Sasa anadai nilipe 300,000 kuanzia mwezi ujao la sivyo nihame, na amenikataza kuanika mukene uani kwa sababu ya harufu. Je, ana haki hiyo?
Mpangaji, Entebbe

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kupandisha kodi anaweza, lakini si kwa kiasi hicho: Sheria ya Uganda ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamzuia kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo kwako mwisho ni 165,000. Wala hawezi kukutoa kwa nguvu bila amri ya mahakama.

Hata hivyo sitakuficha kwamba akikupa notisi halali ya kumaliza upangaji, kikomo hicho cha kodi hakitakusaidia tena, na kishawishi chake ni kikubwa. Tuseme mgeni analipa 40,000 kwa usiku: usiku nne tu zinapita kodi yako ya mwezi mzima. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyogeuza nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Shela, Lamu, kuwa hoteli na nyumba za wageni, huku wenyeji wakisogea mbali na bahari iliyowalea. Inaniuma kuona mwanamke anayeishi kwa samaki akiambiwa kwamba harufu ya samaki inaharibu mwalo.

Kuhusu kuanika uani, mengi yanategemea mlivyokubaliana, kwa hiyo jaribu kuzungumza naye kwa upole mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Katika kikao hicho hicho omba mkataba wa maandishi wa mwaka mzima, na uzitunze risiti zako zote. Akikuandikia notisi, ipeleke kwa wakili au mahakamani kabla siku zake hazijaisha. Lakini usilipe hizo 300,000 hata mwezi mmoja, kwa maana ukishazilipa itakuwa vigumu kueleza kwamba hukukubali.